Nati inayozunguka bila kukaza: jinsi ya kuokoa injini ya Beetle ambayo hesi zake zimeliwa

Kuna hisia moja ambayo ukishaipata mkononi huisahau. Unakaza nati, spana inaanza kuwa nzito kama inavyotakiwa, halafu ghafla inalainika. Unazungusha tena, nati inakwenda tu. Haigomi, haikazi. Fundi aliye pembeni haulizi swali lolote, anakutazama usoni na kusema neno moja: "Imekula."

Mimi ilinikuta kwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, mali ya mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu. Gari lilikuwa linapiga kelele upande wa kushoto na kupumua "chu chu chu" likipanda mlima. Mzee aliniita akisema, "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya vyuma? Njoo umsaidie fundi." Nikaenda kifua mbele. Tukaona hedi inavuja pale inapokutana na silinda, nikasema dawa ni kukaza. Nikachukua spana ndefu. Sasa unajua kilichofuata.

Fundi alitoa hukumu yake palepale: keisi hii imekwisha, tafuteni nyingine. Mzee akanyamaza. Keisi nzima ya injini ya 1500 si kitu cha kuagiza dukani na kuletewa kesho, na hata ukiipata kuna jambo jingine. Namba ya injini imegongwa kwenye keisi yenyewe, na namba hiyohiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kubadili keisi ni kubadili injini kisheria. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinishangaza: mkono wangu uliimalizia tu kazi ambayo ilikuwa imeanza miaka mingi kabla.

Tuanze na kinachoshika nini. Injini ya Beetle haina bloku moja kubwa kama za magari mengi. Katikati kuna keisi, yenye vipande viwili vilivyofungwa pamoja, ndani yake krankshafti. Kila upande kuna silinda mbili za chuma cha kumimina zenye mapezi ya kupoozwa na hewa, na juu ya silinda hizo kuna hedi moja ya alumini. Vyote hivi vinashikiliwa na stadi, yaani fito za chuma zenye hesi ncha zote mbili. Ncha moja imezama kwenye keisi, fito inapita kando ya silinda, inatokeza kwenye hedi, na huko ndiko nati inakokaa. Ziko stadi 8 kila upande, 16 kwa injini nzima. (Hesi ndiyo ile mikato ya mviringo kwenye bolti. Gereji nyingi utasikia "uzi" au "thredi". Nitatumia hesi kwa sababu neno lipo na ni fupi.)

Wengi wetu tunadhani kazi ya stadi ni kushikilia tu, kama msumari. Hapana. Stadi ni springi. Ukikaza nati, fito ya chuma inavutika, inarefuka kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake wa mwanzo inaibana hedi dhidi ya silinda na silinda dhidi ya keisi. Kinachozuia moto na gesi visitoroke ni huo mvuto.

Ni mkubwa kiasi gani? Kwa stadi za zamani za milimita 10, Volkswagen walitaka nati ikazwe kwa takriban nyutoni-mita 32. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi wanaitumia kila siku: gawa nguvu ya kukaza kwa 0.2 mara kipenyo cha stadi. Hiyo 0.2 inawakilisha msuguano, maana sehemu kubwa ya jasho lako inapotelea kwenye kusuguana kwa nati na washa. Kwa hiyo 32 gawanya kwa 0.2 mara mita 0.010, unapata nyutoni 16,000. Huo ni mzigo wa tani 1.6 kwenye stadi moja, mbele ya spana ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuivuta.

Tani hizo zinaishia wapi? Upande wa hedi zinaishia kwenye nati ya chuma, haina wasiwasi. Upande wa pili zinaishia kwenye hesi zilizokatwa ndani ya keisi. Na keisi si chuma. Si hata alumini. Ni aloi ya magnesiamu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wakisikia magnesiamu wanakumbuka ule utepe unaowaka kwa mwanga mweupe kwenye maabara ya shule. Ni metali hiyohiyo. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.74, wakati alumini ni 2.70 na chuma ni karibu 7.85. Beetle inabeba injini nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila kilo inayopunguzwa huko inasaidia gari kutulia barabarani. Volkswagen walitengeneza kwa magnesiamu keisi ya injini na ile ya gia boksi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanatumia zaidi ya tani 40,000 za magnesiamu kwa mwaka. Hadi Beetle ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 21.

Kwa hiyo si metali ya kubeza. Ila ina tabia mbili ambazo stadi hazizipendi.

Ya kwanza ni kwamba ni laini ukilinganisha na chuma. Mzigo ule wa tani 1.6 haugawanywi sawa kwa hesi zote. Kwenye bolti na nati ya kawaida, hesi ya kwanza kabisa inabeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, ya pili inabeba pungufu, na zile za mwisho karibu zimekaa kupumzika. Ikichoka ya kwanza, mzigo unahamia ya pili, ambayo sasa ndiyo ya kwanza. Ni kama foleni ya watu wanaoangushwa mmoja mmoja. Ndiyo maana hesi hazifi polepole machoni pako. Zinafa kimyakimya, halafu siku moja zote zilizobaki zinaondoka kwa pamoja.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niache kujilaumu peke yangu. Metali ikikaa chini ya mzigo huku ina joto, inaweza kujongea taratibu sana hata kama mzigo huo haufiki kiwango cha kuivunja. Mhandisi wa mata anaita kripu. Mimi napenda kusema metali inatambaa. Aloi za magnesiamu za zamani zilikuwa na alumini nyingi, asilimia 8 hivi. Alumini hiyo inaungana na magnesiamu na kufanya vipunje ambavyo vinaanza kulegea joto likipita nyuzi 120 au 130 za Selsiasi. Sasa fikiria keisi iliyo jirani na silinda zinazowaka, na oili ya moto inayozunguka ndani, kwa saa nyingi, kwa miaka 50. Hesi zinatambaa. Uso wa keisi kuzunguka tundu la stadi unainuka na kufanya kilima kidogo.

Volkswagen walilijua hili. Baadaye walihamia aloi zinazoitwa AS41 na AS21. Majina haya yanasomeka kirahisi: A ni alumini, S ni silikoni, na tarakimu ni asilimia, kwa hiyo AS41 ni alumini 4 na silikoni 1. Silikoni inaungana na magnesiamu na kufanya vipunje vigumu ambavyo vyenyewe haviyeyuki hadi joto lipite nyuzi 1,000, na hivyo vinazuia metali isitambae. Keisi ya mzee wetu ilikuwa ya aloi ya zamani.

Sasa tuongeze joto kwenye hesabu, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo hata fundi wetu mwenye uzoefu lilimshangaza.

Metali zote zinatanuka zikipata joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Kipande cha mita moja kikiongezewa digrii moja, chuma kinarefuka mikroni 12 hivi, alumini 23, magnesiamu 26. Hedi ni ya alumini, na ndiyo yenye joto kali zaidi. Stadi ni ya chuma, na inapita kwenye upepo wa feni, kwa hiyo imepoa kuliko hedi. Unaona tatizo? Kinachobanwa kinakua zaidi ya kinachobana. Hedi inamsukuma stadi, na stadi ikivutika zaidi, mzigo kwenye hesi unaongezeka bila mtu yeyote kugusa spana.

Tukadirie kwa mkono. Chukua stadi ya urefu wa sentimita 20, na sehemu ya hedi inayobanwa iwe sentimita 7, na joto lipande digrii 150. Alumini itarefuka milimita 0.24, chuma cha urefu huohuo milimita 0.13. Tofauti ni kama milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari. Ndogo mno, si ndiyo? Lakini stadi ya milimita 10, kwa ule mzigo wa tani 1.6, yenyewe imevutika milimita 0.2 tu. Ukiivuta 0.1 zaidi umeongeza nusu ya mzigo mzima. Kutoka tani 1.6 unafika 2.4. (Kihalisi inapungua kidogo kwa sababu hedi nayo inabonyea, ila picha ni hiyo.)

Linganisha na mlipuko wenyewe. Silinda ya injini ya 1500 ina kipenyo cha milimita 83. Tukikadiria shinikizo la juu la bar 40, hedi inasukumwa kwa nyutoni 21,600 kwa kila silinda. Gawa kwa stadi nne: kama nyutoni 5,400 kila moja. Joto peke yake limeongeza 8,000. Yaani kinachoing'oa stadi kwenye keisi ni kupata moto na kupoa zaidi kuliko milipuko ya petroli, na hilo linatokea kila siku gari linapowashwa.

Hii inaeleza pia kwa nini Beetle za mwanzo zilivumilia. Ile ya 1200 iliyoshinda mbio za Safari hapa Afrika Mashariki mwaka 1954, na Beetle nyingine zilizorudia 1957 na 1962, zilikuwa na injini ndogo. Injini ya 1200 ya kawaida ilitoa nguvu farasi 30, baadaye 34. Ile ya 1500 ilitoa 44, ya 1600 ikafika 50. Nguvu zaidi ni joto zaidi, lakini metali ya keisi na kipenyo cha stadi vilibaki vilevile kwa muda mrefu. Na silinda namba tatu ilikuwa na bahati mbaya yake: hadi mabadiliko ya 1971, kula ya oili ilikaa ndani ya njia ya upepo na kuinyima silinda hiyo hewa baridi. Stadi iliyoliwa kwenye gari la mzee ilikuwa jirani na silinda namba ngapi? Usinichekeshe. Tatu.

Sasa swali. Ungekuwa mhandisi wa Volkswagen, stadi za milimita 10 zinang'oka, ungefanya nini? Mimi, na fundi, na mzee mwenyewe, wote tulijibu sawa: weka nene zaidi. Wao walifanya kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walianza kuweka stadi za milimita 8, nyembamba, na kuzifunga ndani ya bushi za chuma zilizozamishwa kwenye keisi.

Wembamba ndio ujanja wenyewe. Rudi kwenye springi. Stadi ya milimita 8 ina asilimia 64 tu ya eneo la ile ya 10, kwa hiyo kwa mzigo uleule inavutika zaidi: milimita 0.3 badala ya 0.2. Hedi ikija na ile 0.1 yake ya joto, kwenye stadi nyembamba inaongeza theluthi moja tu, si nusu. Badala ya tani 2.4 unapata kama 2.1. Na huhitaji kukaza kwa nguvu ileile. Kipimo kilishushwa hadi nyutoni-mita 25, na ukirudia hesabu yetu, 25 gawanya kwa 0.2 mara 0.008, unapata nyutoni 15,600. Mbano ni uleule karibu kabisa, kwa mkono mwepesi. Nilipomchorea fundi haya kwenye kipande cha boksi, alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo nene ndiyo inayong'oa." Ndiyo.

(Porsche walipita njia nyingine. Injini za 911 za kati ya 1968 na 1977 nazo zilikuwa na keisi ya magnesiamu, na zile za lita 2.7 zilisifika kwa stadi kung'oka. Wao walijaribu kubadili metali ya stadi, wakatumia aloi iitwayo Dilavar ambayo inatanuka karibu sawa na alumini. Kwenye karatasi ni suluhisho zuri kuliko yote. Kwa bahati mbaya Dilavar ilikuwa na tabia ya kupata kutu na kukatika.)

Haya, turudi gereji.

Kabla ya kutoboa chochote, hakikisha ugonjwa. Dalili ninayoiamini zaidi ni tapeti. Roka zimefungwa kwenye hedi, lakini pushi rodi inasukumwa kutoka ndani ya keisi. Hedi ikisogea nje hata kidogo kwa sababu stadi inateleza, nafasi ya valvu inaongezeka. Mzee alikuwa ameseti tapeti mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila mara silinda ileile inalegea tena, zile nyingine ziko sawa. Hilo lilikuwa linatuambia kila kitu, hatukusikiliza. Ukishafungua hedi na silinda, angalia kilima kuzunguka tundu, na angalia stadi yenyewe. Yetu ilitoka imevaa sweta ya kijivu: hesi zote za keisi zilikuwa zimebaki kwenye mikato ya stadi.

Kuna dawa za mtaani ambazo nitazitaja ili nizikatae. Kuzungushia stadi bati la kopo la soda au uzi wa shaba kisha kuirudisha kwa nyundo: itashika ikiwa baridi. Gundi ya chuma: gundi nyingi zinalainika katika joto lilelile linalotusumbua. Kukata hesi kubwa zaidi na kuweka stadi nene: sasa unajua ni kuongeza ugonjwa. Ile springi ya waya wa chuma inayowekwa ndani ya tundu, Heli-Coil na jamaa zake, hiyo ni dawa ya kweli, na kwa stadi ndogo za milimita 6, kama zile za kifuniko cha chujio la oili chini ya injini, ningeitumia bila kusita. Kwa stadi za hedi nachagua bushi nzima. Springi ya stadi ya milimita 10 inafika kipenyo cha 12 upande wa nje. Bushi inafika 14. Hesi hukatika kwenye mzunguko wake wa nje, kwa hiyo kutoka 10 hadi 14 umeongeza eneo la magnesiamu linalobeba mzigo kwa asilimia 40, hapohapo kwenye kina kilekile.

Stadi za zamani zinatolewa kwa nati mbili zilizobanana. Zikigoma, pasha keisi kwa hewa ya moto, usitumie moto wa gesi. Magnesiamu inatanuka zaidi ya mara mbili ya chuma, safari hii tabia hiyo inakusaidia: tundu linapanuka na stadi inaachia.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi za watu. Bushi yenye hesi za nje za milimita 14, hatua ya 1.5, inahitaji tundu la milimita 12.5. Kutoboa si kazi, kazi ni kutoboa wima. Tundu likilala digrii moja tu, kwa stadi ya sentimita 20 ncha ya juu inakwenda pembeni milimita 3.5, na hedi haitaingia, au utailazimisha iingie na stadi ikae imepinda maisha yake yote. Na drili ya mkono haikai wima, usijidanganye. Sisi tulikwenda kwa mkereza vyuma akatutengenezea kipande cha chuma nene chenye matundu matatu: mawili yanavaa stadi za jirani zilizo nzima, la tatu linaiongoza drili. Kipande hicho kilitugharimu asubuhi nzima na ndicho kilichookoa injini.

Kuhusu moto: vipande vikubwa vya magnesiamu haviwaki kirahisi, ila vumbi na nyuzi nyembamba zinawaka. Tumia drili yenye makali mapya, zungusha polepole, sukuma kwa uthabiti ili ikate kuliko kusugua, weka mafuta kidogo ya madini. Usitumie maji au vipoozeo vya maji. Safisha machicha kila baada ya tundu moja, na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Magnesiamu ikishika moto, maji yanauchochea, kwa sababu metali hiyo inayachambua na kutoa hidrojeni. Fundi alikuwa anavuta sigara alipoanza kunisikiliza. Aliizima.

Ziba kila mwanya wa keisi kwa matambara yenye grisi kabla ya kuanza, chicha moja ikiingia kwenye beringi umenunua kazi nyingine. Kisha tapu: nusu duara mbele, robo nyuma, bila haraka. Jaribu bushi ikiwa kavu. Osha mafuta yote, paka gundi ya hesi inayostahimili joto, ingiza bushi hadi ikae chini kidogo ya uso wa keisi. Ikitokeza, silinda haitakaa sawa. Gundi hiyo ina kazi tatu. Inazuia bushi isifunguke siku utakapotoa stadi. Inazuia oili, maana baadhi ya matundu yanatokea ndani ya keisi. Na inatenganisha chuma na magnesiamu, ambazo zikikutana penye unyevu zinafanya betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa siku zote ni magnesiamu.

Ilibaki hoja ya ngapi. Stadi moja ndiyo iliyong'oka. Mzee, kwa haki kabisa, aliuliza kwa nini tutoboe 16. Nilimwonyesha vilima. Kati ya matundu 15 yaliyobaki, niliweza kuvihisi kwa kucha kwenye saba. Alivipapasa mwenyewe, akavua miwani, akasema, "Fanyeni zote." Tulizifanya kwa siku mbili.

Na baada ya hotuba yangu yote kuhusu stadi nyembamba, hatukuzipata. Duka tulilofika lilikuwa na bushi za kupokea stadi za milimita 10 tu, na zaidi ya hapo matundu ya hedi ya zamani ni ya 10, kwa hiyo stadi ya 8 ingehitaji washa nene zake. Tulirudisha stadi za zamani zilizokuwa nzima, tukabadilisha tatu zilizoliwa na kutu. Joto litaendelea kuongeza ile nusu ya mzigo, ila sasa mzigo unashikwa na hesi za chuma ndani, na nje unagawanywa kwa magnesiamu nyingi zaidi. Siku zikipatikana za 8, nitarudi.

Kukaza tulikaza kwa spana ya toki, ya kuazima. Hatua ya kwanza nati zote nyutoni-mita 10, kuanzia za katikati na kwenda nje kwa kukatiza, kisha 32. Kila nati ilipofika kipimo, spana ilitoa "tik" na kusimama. Fundi alinipa ile ya mwisho, ya silinda namba tatu, nadhani kwa makusudi.

Baada ya kilomita 500 tulipima tapeti injini ikiwa baridi. Tuliziseti milimita 0.15 zote nane. Fila geji ya 0.15 ilipita kwenye kila moja kwa ugumu uleule, ya 0.20 haikupita popote. Mzee aliandika tarehe na namba hizo nyuma ya kadi ya huduma ya gari, chini ya zile alizokuwa akiandika tangu miaka ya sabini.